Kichupa Namba 212

Saa moja na nusu asubuhi, mtaalamu wa maabara ameketi mbele ya mashine ya vipimo, hajavua hata koti la mvua. Wenzake humwita Hakimu, maana neno lake ndilo la mwisho. Leo Hakimu mwenyewe ana roho mkononi.

Anarudia kupima mkojo wa kichupa namba 212, uliokaa kwenye friji wiki mbili.

Mwaka wa kumi na moja huu anasaka klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoweza kukaa mwilini kimya. Vichupa vya kifuniko chekundu hutoka kliniki, kwa watu waliokuja wakilalamika maumivu. Vyeupe ni vya waliopimwa nyumba kwa nyumba, wengi hawaumwi popote.

"Wa kliniki mara nyingi bakteria wao ni wengi, mashine inawaona mapema," anasema. "Hawa wa mitaani wanaweza kuwa nao kiduchu. Lazima uwe na subira."

Wiki mbili zilizopita subira ilimwishia. Namba 212, kifuniko cheupe, ilionyesha bakteria kidogo mno. Kando yake kwenye trei kilikaa chekundu chenye bakteria tele. Akadhani tone limeruka kutoka huko. Badala ya kurudia kipimo, akaandika: hana.

"Uvivu wangu tu, nisikufiche," anasema. "Mdharau mwiba mguu huota tende."

Jana, akipanga fomu, akaona mwenye 212 ni mjamzito wa miezi tisa. Mtoto anaweza kuupata ugonjwa huo akizaliwa, ukamshika macho. Usiku kucha hakupata usingizi.

Mashine inalia. Bakteria wapo, kidogo vilevile, na leo trei haina kichupa kingine cha kusingiziwa.

Anapiga simu. Anapokea mama wa yule mjamzito.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka maabara. Binti yako yupo?"

"Marahaba mwanangu. Ananyonyesha. Tuna mgeni humu, leo ana siku sita."

Hakimu anashika ukingo wa meza. "Hongereni sana. Macho ya mtoto yakoje?"

"Yanatoa usaha tangu jana. Tunayafuta tu kwa maji ya uvuguvugu. Si mlituambia binti ni mzima?"

"Niliyekosea ni mimi, mama. Mleteni mtoto na mama yake sasa hivi, msingoje jioni. Baba wa mtoto naye aje atibiwe. Dawa zipo."

Anakata simu. Ana hofu, na hafichi.

"Nitawasubiri getini," anasema. "Sitaki mtu mwingine awaeleze."