Mjane Anayekula Hotelini

Mume wangu hakupenda kabisa kula hotelini. Alisema chakula cha kununua hujui kimepikwa na nani wala kimelala siku ngapi. Kwa hiyo katika ndoa yetu yote, kwanza Dodoma na baadaye hapa Toronto, nilipika mimi. Nilitoka hospitalini ninakofanya kazi ya ukarani, nikapanda tramu mpaka mtaani kwetu Parkdale, nikavua koti na kuingia jikoni kabla sijakaa. Silalamiki. Alikuwa mume mwema, na alikula kila nilichompa huku akinisifu.

Alipofariki, akina mama wa kanisani walituletea chakula mpaka friji ikakataa kufungika. Kisha chakula kikaisha, watu wakarudi kwenye shughuli zao, na Jumamosi moja nikasimama mbele ya jiko nikashindwa kuliwasha. Haikuwa huzuni peke yake. Nilikuwa nimechoka kupika. Nikavaa koti, nikashuka, nikaingia kwenye mgahawa wa Watibeti ulio jirani na jengo letu, ambao nimepita mbele yake miaka mingi bila hata kuchungulia ndani. Nikaletewa maandazi ya mvuke yaliyojazwa nyama, na bakuli la supu yenye pilipili iliyonitoa machozi. Waliokaa meza ya pili walinionea huruma, wakadhani nina msiba. Msiba nilikuwa nao kweli, lakini machozi yale yalikuwa ya pilipili, na nilikuwa na furaha.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa Waethiopia. Iliyofuata tena, kwa Wareno. Sikumwomba mtu ruhusa.

Habari zikafika kanisani. Toronto ni jiji kubwa, lakini sisi tunaosali kwa Kiswahili tunajuana. Tunakutana Jumapili mchana kwenye ukumbi mmoja karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch, wenye ukumbi wakishamaliza ibada yao ya Kiingereza. Mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha wanawake. Basi jioni moja Mama Mchungaji akanitembelea pamoja na mweka hazina wetu. Nikawapikia chai, nikawawekea vitumbua.

"Dada, tumesikia unakula hotelini," Mama Mchungaji akaanza.

"Mmesikia kweli."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Mweka hazina akaweka kikombe chini. "Watu wanauliza unamtafuta nani."

"Natafuta chakula."

Mama Mchungaji hakucheka. "Mwaka haujaisha tangu tumzike mwenzako. Mjane anakula nyumbani kwake, au anakula na wenzake. Sisi tupo. Ukiona upweke, tuite."

"Nikiona upweke nitawaita, Mama. Nikisikia njaa nitakwenda hotelini."

Waliondoka bila kumaliza vitumbua. Binti yangu, ambaye amekulia hapa na anasikia kila neno la Kiswahili ila hulijibu kwa Kiingereza, alitoka chumbani akicheka. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba watanifukuza. Nikamwambia wajaribu.

Kiangazi hicho nikapata likizo, nikapanga kwenda kumwona mdogo wangu Uingereza. Anaishi Norfolk, kaunti ya pwani, na ni muuguzi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Kabla sijasafiri nilimuuliza kwenye simu, "Huko kwenu watu wanakula wapi vizuri?"

"Dada, utakula kwangu."

"Najua nitakula kwako. Nauliza nje."

"Sijui. Sijawahi kwenda."

Nilidhani ananitania. Watu wanatoka London na magari yao kwenda kula kaa na kome wa huko, na yeye aliyeishi palepale miaka yote hiyo hajawahi kukaa kwenye kiti cha mgahawa. Akitamani sana, aliniambia, hununua samaki na chipsi dirishani, akaenda kula ndani ya gari vioo vimepandishwa.

"Kwa nini?"

"Ukiingia, wote wanageuka."

Siku ya pili baada ya kufika nikamwambia twende. Akanipeleka kwenye mji mdogo wa pwani, kwenye upepo wa kung'oa kilemba. Tukaona mgahawa wenye ubao nje ulioandikwa kwa chaki kwamba kaa wamevuliwa asubuhi hiyo. Tukaingia. Kweli, wote wakageuka. Mhudumu, kijana mrefu mwenye aproni ya bluu, akatuongoza tukapita meza za dirishani zilizokuwa tupu, tukapita na za katikati, mpaka kwenye meza ndogo iliyobanana na mlango wa choo. Mdogo wangu alikwishavuta kiti.

"Usikae," nikamwambia.

"Dada, hapa panatosha."

"Hapatoshi. Kila mlango huu ukifunguliwa tutakula harufu."

Nikamuuliza yule kijana kama zile meza za dirishani zina wenyewe. Akasema zimewekwa kwa ajili ya watu wanaokula mlo kamili. Nikamwambia sisi tumekuja kula mpaka tushibe. Akasimama tu. Na mimi nikasimama, mkoba kifuani, katikati ya watu walioacha kutafuna. Mwishowe mama mmoja mtu mzima, nadhani ndiye mwenye mgahawa, akatoka jikoni, akatutazama, akasema tukae tunapotaka.

Tulikaa dirishani. Kaa akaja mzima kwenye gamba lake, na koleo la chuma la kumvunjia. Nikajaribu koleo, nikaliweka pembeni, nikatumia vidole na meno. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile. Mdogo wangu alidonoadonoa kwa uma, macho kwenye sahani. Tulipomaliza tukarudi kwenye gari, tukafunga milango.

"Wewe unaondoka wiki ijayo," akasema. "Mimi ndiye ninayebaki hapa. Yule kijana, bibi yake yuko pale ninapofanya kazi. Namwogesha mimi. Huyo kijana huja kumtazama, tutakutana naye kwenye korido."

"Basi mtazame usoni."

"Ni rahisi kwako kusema."

"Si rahisi. Ulidhani sikuogopa? Moyo ulitaka kunitoka."

Akageuka kunitazama. Nafikiri alikuwa anaamini tangu utotoni kwamba dada yake haogopi kitu. Hata hivyo hakunisamehe. Akawasha gari, tukarudi nyumbani.

Sikuacha. Siku zilizobaki nilikwenda kula nje, mara nyingine naye, mara nyingine yeye akibaki garini na redio yake. Nilikula chaza mbichi nikamtemea kwenye leso, na sitamrudia. Nilikula kome waliopikwa kwa vitunguu na krimu, nikapangusa bakuli kwa mkate mpaka likang'aa. Nilikunywa chai kwenye chumba chenye mapazia ya maua, kwa vimkate vyenye jamu, nikiwa mtu mweusi pekee humo ndani, na nikaongeza kikombe. Kwenye uwanja wa ndege tulikumbatiana, lakini yeye aliniachia haraka.

Niliporudi Toronto nilikuta kikundi cha wanawake kimefanya uchaguzi bila mimi. Kulikuwa na katibu mpya.

"Tumeona upumzike kidogo, dada," Mama Mchungaji akanieleza.

"Asante," nikamjibu, "ila sijachoka." Nikaenda kukaa kiti cha mbele kabisa, nikaimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote. Baada ya ibada akina mama waliniuliza habari za Uingereza, nami nikawasimulia nilichokula, sahani kwa sahani, sikuruka hata moja. Wengine walitazama pembeni. Mmoja alinisogelea akaninong'oneza, "Huyo kaa, anafanana na kamba?" Nikamwambia anamzidi.

Majani yalipoanza kupukutika, mdogo wangu akanipigia simu. Kazini kwao walikuwa wanamuaga mkubwa wao, na sherehe ilifanyika kwenye mgahawa uleule. Sherehe kama hizo yeye huwa anasema anaumwa. Safari hii alikwenda.

"Na yule kijana?" nikamuuliza.

"Ndiye aliyetuhudumia. Nikamwagiza kaa. Akaniuliza bibi yake anaendeleaje, nikamwambia siku hizi anamaliza uji."

"Ukamtazama usoni?"

"Nilimtazama. Lakini wewe bado nimekukasirikia."

"Kasirika tu, mdogo wangu. Kaa alikuwaje?"

"Mtamu," akasema, kisha akakata simu.

Jumamosi iliyopita nilipanda basi mpaka Unionville, kwenye mgahawa wa familia ya Waismaili waliotoka Mwanza. Bibi aliyekaa kaunta alinisikia nikiongea na simu, akanikaribisha kwa Kiswahili safi, akachungulia mlangoni nyuma yangu.

"Mzee anaegesha gari?"

"Mzee alifariki."

"Pole sana, mwanangu. Kwa hiyo unakula peke yako?"

"Nakula vizuri sana," nikamwambia, nikaagiza mishkaki na muhogo wa nazi.