Mgeni wa Mwezi Mmoja

Baada ya vita vya Maji Maji, serikali ya Mjerumani iligundua kwamba watu wana miguu. Ikatoka amri: kila anayevuka Ruvuma kutoka upande wa Mreno kuja kwetu Newala achukue cheti kwa akida, akae mwezi mmoja, kisha arudi alikotoka. Atakayezidisha atachapwa viboko na kupelekwa kazi ya barabara. Kuhusu viboko amri ilikuwa wazi kabisa. Kuhusu nani hasa aitwe mgeni haikusema neno, na akida wetu, mtu wa pwani aliyeletwa kututawala, hakuona sababu ya kuuliza.

Mwaka huo dada yangu mkubwa alichumbiwa na kijana wa Lulindi, naye alimtaka kijana yule kwa moyo wote. Kwetu posa haipokelewi na baba. Hupokelewa na mjomba, kaka wa mama, kwa kuwa watoto ni wa ukoo wa mama, na nyumba na shamba ni vya ukoo huo huo. Mjomba wetu alikuwa amehamia ng'ambo ya mto wakati wa vita. Asipoketi mwenyewe na kukubali, hakuna ndoa. Akaitwa, akaja.

Kwa akida aliulizwa amefuata nini.

"Nimekuja kwangu," akajibu.

"Kwako ni ng'ambo. Hapa umekuja kutembelea watu."

"Bwana akida, mtu anaitembeleaje nyumba yake?"

Akida akaandika kwamba ni mgeni. Kisha akamwaga maji yaliyokuwa katika kibuyu cha mjomba, kwa kuogopa kwamba ni ile dawa ya maji ya vita. Huku juu kwetu hakuna kisima wala kijito. Kila tone la maji hupandishwa na wanawake kutoka bondeni. Kwa kipimo cha akida, mama zetu wote walikuwa waasi kila siku waliyopika.

Tukawangoja wakwe. Hawakutokea. Baadaye tukasikia kwamba mjomba wa kijana, ambaye ndiye aliyepaswa kuleta posa, alikamatwa njiani akapelekwa kulima barabara, na waliomkamata ni askari wa akida huyo huyo. Serikali ilimhesabia mjomba wetu siku zake, na papo hapo ikamshikilia mtu ambaye mjomba alikuwa akimngoja. Mwezi mwingine ukaandama. Dada akawa hali chakula, anakisogeza tu.

Askari alikuja mchana, tunapura mtama. Mjomba alikuwa ameketi mlangoni, mahali pa mwenye nyumba. Baba alikuwa kando, anasokota kamba.

"Nyumba hii ina mgeni," askari akasema. "Yuko wapi?"

Bibi yangu, mama yake mama, hakufikiri hata kidogo. Alimwelekezea baba mdomo. "Huyo hapo."

"Ametoka wapi?"

"Masasi. Alikuja kumwoa binti yangu."

"Lini?"

"Kabla ya watoto hawa wote unaowaona."

"Bibi, unanichezea? Na huyu aliyekaa mlangoni?"

"Huyu mwanangu. Nimemzaa ndani ya nyumba hii. Kwenu wageni mnawazaa wenyewe?"

Nataka ieleweke kwamba bibi hakudanganya. Mume kwetu huja kuishi kwa ukoo wa mkewe, na hata akizeekea hapo ni mgeni: heshima anapewa, kauli hana. Ungemuuliza mtu yeyote pale kijijini, angekuonyesha baba.

Askari akamgeukia baba. "Ni kweli?"

Baba akaweka kamba chini. Alimtazama dada, akamtazama mjomba. "Kweli. Mimi ndiye mgeni. Shemeji yangu huyu ndiye mwenye nyumba."

"Cheti chako?"

"Sina."

Mgeni asiye na cheti alikuwa mkosaji mkubwa kuliko mgeni aliyezidisha mwezi, kwa hiyo askari alifurahi. Akamfunga baba mikono kwa kamba ile ile aliyokuwa akiisokota, akaondoka naye.

Akida alielewa kosa limetokea wapi, lakini kulikiri mbele ya watu kungeionyesha amri kuwa ya kipumbavu, na amri haikuwa na ruhusa ya kuonekana hivyo. Baba akachapwa. Kisha akapewa cheti cha mgeni, yaani kibali cha mwezi mmoja cha kulala na mkewe. Mjomba hakuna aliyemuuliza tena. Nyumba yetu ilidaiwa mgeni mmoja, na mgeni mmoja alikuwa amepatikana.

Mwezi huo huo mjomba wa kijana akaachiwa kutoka barabarani, akaja na watu wake. Mjomba wetu aliketi mlangoni, akawasikiliza hadi mwisho, akakubali. Alirudi ng'ambo mwenyewe, kwa kuvuka mahali ambapo maji ya kiangazi hayafiki goti na askari hawafiki kabisa.

Mume wa dada akahamia kwetu, kama ilivyo desturi. Jioni ya kwanza baba, ambaye mgongo wake bado haukuweza kuegemea ukuta, alimsogezea nafasi mkekani.

"Karibu, mgeni mwenzangu. Cheti unacho?"

Kijana akacheka, nasi sote tukacheka. Baba hakucheka. Mwezi wa cheti chake ulikuwa karibu kwisha, naye alitaka mtu wa kufuatana naye kwa akida.