Mutu wa Kusimama Nyuma ya Polycarpe

Ule mwaka kila mutu alitaka kuwa prezida. Kule Kinshasa bakubwa balikuwa katika mukutano yabo isiyoisha, radio inatuletea majina ya bichama mupaka kichwa inauma, na hapa Kolwezi, katika avenue yetu ya batumikaji ba kampuni ya shaba, bwana yangu Polycarpe Nkulu naye akaamuka siku moja, akanawa uso, akaniambia: "Mwadi, na mi nitasimama."

"Kusimama wapi?" Nilikuwa napepeta unga, sikuwa na wakati ya mafumbo.

"Prezida wa mutuelle."

Yo! Nilicheka mupaka unga ikamwangika. Mutuelle yetu, chama cha kusaidiana, ilikuwa ya kilio, haikukuwa ya kitu ingine. Mutu akikufwa katika avenue, mutuelle inatafuta sanduku, camion ya kwenda makaburi, kuni, na batu ba kuikala na bafiwa siku tatu. "We, mutu anayelia hata kuku ikikufwa," nikamwambia, "utakuwa prezida wa kilio?"

Polycarpe alikuwa soudeur, mutu wa kuunga chuma kwa moto, mwili mukubwa, mikono yote alama ya moto. Batu balimuogopa paka kwa kumuona. Lakini mi niliolewa naye miaka kumi na nane, nilimujua. Mutu akimupandishia sauti, Polycarpe anakubali haraka, ili sauti ishuke. Alikubali kununua mbuzi mugonjwa juu ya sauti. Ni ile tu ilikuwa mubaya kwake. Ingine yote muzuri.

Sasa munisikilize juu ya vis-prezida, juu kila kitu kilitokea pale. Sisi tulimuita vis, kwa kifupi. Katika mutuelle yetu, vis hakukuwa mutu wa kubeba mufuko wa prezida. Kama prezida mwenyewe anakufwa, vis ndiye anasimama mu mulango wa nyumba yake siku ya tatu, mbele ya jamaa yote, anauliza mara tatu: "Kuko mutu mwenye neno na marehemu?" Mwenye neno anasema. Na vis anajibu, si kwa sauti yake: anajibu kama marehemu. Mwenye neno akisema "nimesikia," imeisha, kilio inafungwa. Asiposema, kilio inabakia wazi, na ile inaogopesha hata batu ba Kanisa.

Juu ya ile, kanuni ilikuwa moja: vis asikuwe ndugu yako. Ndugu atalia, ao atakamata bitu.

Tuliona kanuni ikitumika wakati prezida wa mbele, Tata Muteba, alikufwa. Bandugu yake balitoka Sandoa na camion nzima kukamata kitanda na mashini ya kushona ya mujane wake, Mado. Vis wa Muteba alikuwa Tata Mukendi, mutu wa umeme kule kampuni, mwenye asili ya Kasai kama mi. Mukendi akasimama mu mulango, akauliza mara tatu. Mukubwa wa bandugu akasema: "Mashini ni jasho ya ndugu yetu. Na nyumba pia." Mukendi akamuangalia, akajibu: "Mukubwa wangu, mashini nilimupatia Mado mi mwenyewe, na nyumba abakie mule. We nilikungojea mwaka yote niliyougua, hukuya." Weye! Ule mutu aliinamisha kichwa. "Tumesikia," akasema. Balikula bukari, bakarudia Sandoa na camion tupu, na Mado anaendelea kushona.

Basi bile Polycarpe alisema atasimama, mi sikuuliza vis atakuwa nani. Tata Mukendi, nani mwingine? Tena mi na Polycarpe Mungu hakutupatia mutoto. Bwana akikufwa, mi naikala mu ile nyumba kwa nguvu ya nani? Kwa nguvu ya neno ya vis, basi. Nilimwambia Polycarpe ile waziwazi, na alisema: "Eeh, Mukendi. Najua."

Lakini ile mwaka hewa ilianza kunuka. Balianza kusema mu mikutano, kisha mu soko, kisha mu mulongo ya mayi: Bakasai barudie kwabo. Mi nilikuwa nasikiliza kama habari ya batu bengine. Kwetu ni wapi? Tata yangu aliletwa na kazi ya migodi, mi nilizaliwa hapa Kolwezi, ubatizo hapa, ndoa hapa. Kiluba cha Kasai nakijua cha kulombea chumvi. Siku moja muuza samaki, mama niliyemusaidia kuzaa, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mama Mwadi, nyinyi munaenda lini?" Nikamuuliza: "Sisi banani?" Akachanganyikiwa, na mi nikachanganyikiwa, tukabakia pale na samaki katikati.

Ni pale Stany alianza kuya kwetu. Stany ni mutoto wa tata mukubwa wa Polycarpe, mutu wa sauti, kila neno lake linafika avenue ya pili.

"Kaka, unasimama na Mukendi?" akasema, hata kiti hajakamata. "Prezida anachagua vis wa kumuletea batu. Mukendi atakuletea nani? Bakwabo benyewe banafunga mizigo!"

"Mukendi anajua kazi," Polycarpe akasema.

"Kazi! Batu habachague kazi, banachagua mutu wabo. Na tena, samahani shemeki," akaniangalia, "we uko tayari na bibi Mukasai. Ukiongeza na vis Mukasai, batasema hii nyumba imeuzwa."

Mi nikapandisha na mi sauti: "Kanuni inasema vis asikuwe ndugu! Unataka nani, we mwenyewe?"

"Kama hakuna mwingine," Stany akasema, na akachukua kipande cha nyama mu sahani yangu.

Siku bile zote Polycarpe hakulala muzuri. Alikuwa na ile chaki ya soudeur, na kipande cha chuma nyuma ya nyumba. Naenda kutwanga, naona ameandika: MUKENDI. Narudia, amefuta, ameandika: STANY. Kesho MUKENDI tena. Nikamwambia: "We baba, ile chuma itatoboka."

"Mwadi, niambie. Mutu anachagua namna gani? Anachagua mutu mwenye kumusaidia kushinda, ao mutu wa kumusaidia kisha kushinda?"

"Anachagua mutu wa kumuzika," nikasema. "Na wa kusimama mu mulango wa bibi yake."

Akafuta chaki mu mikono. Kisha akasema kitu ambacho mupaka leo kinanizungukia mu kichwa. "Ni juu yako namuwaza Stany. Kama Stany ni vis wangu, nani atakugusa? We utakuwa mutu wa nyumba ya Stany pia. Lakini na Mukendi, batakuja kubafukuza nyinyi bote wawili, we na yeye, siku moja."

Na mi, nasema kweli, nilikasirika, nikarudia kutwanga. Neno yake ilionekana kama akili, na ilionekana kama ujinga, saa moja ile ile. Mutu akiniuliza leo alikosea wapi, ninamuonyesha pale, na siwezi kumuonyesha kidole muzuri.

Siku ya kuchagua tulikutana mu kiwanja cha masomo. Kwetu hatukuandika karatasi. Mwenye kutaka kuwa prezida anasimama, vis anasimama nyuma yake, na batu banapanga mulongo nyuma ya vis. Mulongo murefu ndio unashinda. Polycarpe akasimama, amevaa koti ya ndoa yetu. Nyuma yake Stany, ndugu, na hakuna mutu aliyekumbusha kanuni. Mi nilikuwa na haya, nikaangalia chini. Upande wa pili kulisimama mwenye kushindana naye, mutu wa bandera na kelele mingi, na batu balikwenda huku na kule, bengine balikimbia mulongo moja kufika ingine kama batoto.

Kisha nikamuona Mukendi. Alikuya pole pole, na shati safi, akapita mbele ya bote, akasimama nyuma ya Stany. Mulongo ya Polycarpe! Stany akageuka, akamuangalia kama mutu aliyekanyaga kitu.

"Unafanya nini hapa?" Stany akauliza.

"Ninachagua shemeki yangu," Mukendi akasema. Alimuita Polycarpe shemeki juu yangu mi, mambo ya mizaha tu, sisi hatukukuwa jamaa. Nyuma yake bakaanza kuya Bakasai bote ba avenue, na Mado, na batu bengine baliomujua Mukendi. Polycarpe alishinda kwa mulongo ya Mukendi. Hakugeuka hata mara moja kuangalia nyuma.

Miezi haikukuwa mingi. Kazi mu kampuni ilikuwa inakufwa, mashini zimelala, na vijana baliozoea kungojea kazi balipata kazi ingine: kupita nyumba kwa nyumba. Balituita bilulu, wadudu. Balifika kwa Mukendi asubuhi, batu banakunywa chai. Nilisikia sahani zinapasuka, nilisikia bibi yake analia. Polycarpe alivaa biatu. Prezida wa mutuelle! Stany alikuwa amesimama mu mulango wetu.

"Kaka, ukitoka, na hii nyumba itakwisha. Muwaze bibi yako."

Polycarpe akavua kiatu moja. Akaikala na kiatu moja mu muguu mupaka kelele ikaisha. Mukendi alipita mbele ya dirisha yetu na godoro mu kichwa, anaenda gare kungojea treni, na akasalimia. Akasalimia, mama yangu! Kama siku zote.

Kisha pale Polycarpe hakukula muzuri tena. Alisema kifua. Mi nilimupeleka kwa daktari, daktari akasema moyo, akatuandikia dawa ambayo hakuna pharmacie ilikuwa nayo. Mwezi wa tatu kisha Mukendi kufukuzwa, asubuhi ya siku ya Mungu, alikuwa anafunga koti ile ya ndoa kwenda misa, akaikala juu ya kitanda, na hakusimama.

Siku tatu nilingoja mulango. Sikulia. Nilikuwa naangalia ule mulango tu.

Siku ya tatu Stany akasimama pale, vis kweli, na jamaa yote ya Polycarpe nyuma yake, ni jamaa yake pia. Akauliza mara moja. Mara moja! "Kuko mutu mwenye neno na marehemu?" Na mbele mutu apumue, akajisemea mwenyewe: "Jamaa iko na neno: nyumba." Akajijibu mwenyewe: "Marehemu anasema: nyumba ni ya jamaa, na bibi arudie kwabo na bakwabo."

Mado akasimama: "Kanuni! Mara tatu! Na ndugu hawezi..." Mutu akamuvuta nguo, akaikala. Bengine balikuwa banaangalia mikono yabo. Stany akaniambia: "Shemeki, sema nimesikia."

Nilimuangalia. Nikatafuta mu ile batu yote mutu wa kumushitakia vis, na mwenye kupokea mashitaka alikuwa vis. Sikusema nimesikia. Nikakamata beseni, blanketi, na miwani nyeusi ya Polycarpe ya kusoudea, nikatoka. Kilio ya bwana yangu ikabakia wazi.

Kule gare batu balikuwa elfu, chini ya maturubai, chini ya mabati, chini ya hakuna kitu. Balingoja treni ya kupita Tenke na kupanda Kasai, bengine tangu majuma, bengine, kama Mukendi, tangu miezi. Mukendi aliniona na beseni mu kichwa. Bibi yake akasogeza godoro.

Asubuhi Mukendi alivaa shati ile safi, sasa haikukuwa safi tena. Akaita batu ba avenue yetu baliokuwa pale, kama kumi na tano. Hakukuwa mulango, alisimama mbele ya mulango wa wagon ya mizigo.

"Polycarpe Nkulu, soudeur, prezida wetu," akasema. "Kuko mutu mwenye neno na marehemu?"

Mutoto wa mutu analia mbali.

"Kuko mutu mwenye neno na marehemu?"

Mi nilikuwa nashikilia ile miwani.

"Kuko mutu mwenye neno na marehemu?"

"Mi niko nalo," nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Polycarpe! Juu ya nini hukumuchagua Mukendi?"

Batu bote bakamuangalia Mukendi. Kanuni ni kanuni: vis ndiye anajibu, na anajibu kama marehemu. Lakini Mukendi hakukuwa vis wa Polycarpe, Polycarpe alimukatala, na sasa yeye ndiye alipashwa kusema sababu. Nilisikia haya, nilitaka kurudisha neno yangu, na neno hairudi.

"Nilikuwa na woga, Mwadi," akasema. "Bile tu. Nilikuwa na woga, na nilikupenda, nikachanganya bile bitu mbili."

Pale nililia, kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya koti. Bibi ya Mukendi akanishika. Mupaka leo sijui ni nani alinijibu, Polycarpe ao Mukendi, na ni kwa nani nilipashwa kukasirika. Batu balikuwa bananingojea. Treni haikukuya ile siku, hata kesho yake.

Nikapangusa uso, nikasema: "Nimesikia."