Siku Babu Alipofungwa Bao

Enzi zetu pale Chemchem, Tabora, bao halikufundishwa kwa kitabu wala kwa video. Lilifundishwa kwa kufungwa. Babu yangu mzaa baba, fundi bati aliyeshinda akigonga makarai na ndoo, akishaswali alasiri alituita wajukuu uani, nasi tukajua kipigo kinakuja. Kipigo cha bao, namaanisha, ingawa na kile kingine hatukukikosa.

Mwanafunzi hakuruhusiwa kugusa bao la mti. Lile lilikaa barazani kwa ajili ya wazee. Sisi tulichimba mashimo ardhini, mistari minne ya mashimo manane, kwa sababu Babu alidai ndivyo walivyocheza wapagazi wa zamani walipotua mizigo Tabora. Kete zilikuwa njugu mawe kavu, mbili kila shimo. Hapo ndipo ilipoanzia vita na Bibi, maana yeye alizitaka za mbegu. Mwaka mmoja tulizisahau mashimoni, mvua ya kwanza ikanyesha, zikaota. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akatukataza kuzing'oa. Tukachimba mashimo mengine nyuma ya choo.

Sheria zenyewe Babu alizisema mara moja tu. Unachota kete za shimo moja, unazigawa moja moja kuzunguka mistari yako miwili. Ya mwisho ikitua kwenye shimo lako la mbele lenye kete, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo lina kete, unazila zake na kuzigawa upande wako. Anayeishiwa kete mstari wa mbele amefungwa. Ukigusa shimo, umecheza. Na ole wako uhesabu kwa kidole! "Macho umepewa ya kulilia tu?" angeuliza Babu.

Kilichoniuma ni hiki. Wageni wakija, mjukuu ambaye hajamfunga Babu hata mara moja hakutambulishwa kwa jina. "Huyu mwanafunzi," basi. Binamu yangu Shabani alishamfunga, akawa Shabani. Mimi, rika lake, nikabaki mwanafunzi, naye hakuacha kunikumbusha: "Mwanafunzi, kaniletee maji!" Nilikuwa nikilala na hasira. Nililitaka jina langu.

Ugonjwa wangu ulikuwa ulafi. Penye kete nyingi nilikimbilia, na Babu alinitegea hizo hizo nyingi, kisha akanimaliza huku akitafuna mswaki wake. "Tamaa mbele, mauti nyuma," alisema kila mara, nami kila mara niliitikia na kurudia kosa.

Alasiri moja nilikuwa na njia mbili za kula, moja ya kete tisa, nyingine ya kete mbili. Mkono ukaelekea kwenye tisa kama ulivyozoea. Nikaurudisha kabla haujagusa, nikala mbili. Zile mbili zikanizungusha, nikala tena, na tena, mpaka mstari wa mbele wa Babu ukabaki mtupu.

Babu akainuka. Akaingia ndani, akatoka na kanzu na kofia kama mtu anayekwenda harusini, akanishika mkono, tukatoka. Tukaanza kwa jirani yetu muuza kahawa.

"Hodi! Mzee mwenzangu, leo nimefungwa bao."

"Wewe? Na nani?"

"Huyu hapa. Zuhura."

"Na mtoto wa kike?"

"Zuhura," Babu akarudia, kwa sauti zaidi.

Tulipita nyumba saba. Nilipewa kashata, nilipewa maandazi, na njiani kurudi nililia kwa furaha, sioni haya kusema.

Sasa mjukuu wangu anacheza bao kwenye simu. Akikosea anabonyeza, kosa linafutika. Akifungwa anaanza upya kabla hajaona aibu. Juzi alishinda, akaruka, akageuka huku na huku. Hapakuwa na mtu sebuleni ila mimi niliyekuwa napita na sinia la mchele. Nikamwonea huruma. Simu ikishindwa haivai kanzu ikaenda kuwaambia majirani.

Basi tumechimba mashimo hapa kwangu Itetemia. Nimemfunga mara kumi na moja, na ananuna vizuri sana. Naona anakaribia. Kanga ya kutokea nimeshaipiga pasi. Ila mtaa wetu siku hizi ni kuta na mageti matupu, na sijui nitabisha hodi kwa nani.