Kidonge cha Mama Keziya

Mama Keziya ni mfinyanzi, Mkisi wa huku ziwani, na wali unapikwa katika vyungu vyake toka Itungi mpaka Makwale. Mwaka huu presha ilimpanda, akaanguka karibu na moto wa kuchomea vyungu. Bwana Mungu alimnusuru. Daktari wa zahanati akampa vidonge, ameze kila asubuhi, asiache. Mama akagoma.

"Dawa isiyoisha ni ya mtu aliyekwisha," alisema.

Tumpale, mke wa mwanawe, aliogopa kumzika. Asubuhi moja akasaga kidonge, akakichanganya kwenye uji. Masikini, alisahau kwamba mama yule tangu utoto anaupima udongo kwa meno, kuona kama una mchanga. Funda la kwanza tu, akatema.

"Tumpale! Umenitilia nini?"

"Dawa, mama."

"Leo dawa. Kesho je? Uji wako kunywa mwenyewe."

Tangu hapo akawa anajichomea ndizi. Tumpale alilia, akamwomba Mungu ampe la kusema. Akaenda tu kukaa naye kibarazani, akaanza kumkandia udongo.

Mama akafinyanga. Kama desturi ya wafinyanzi, kwanza alimega udongo kidogo, akauviringa, akaufunika kwa jani la mgomba usikauke.

"Hicho mnakiitaje, mama?"

"Donge ni hili kubwa. Hicho kidogo, kidonge. Neno la zamani hilo, zahanati wamelikuta. Bibi yangu alikuwa akiponda majani, anayaviringa hivyohivyo, tunameza."

"Na hiki cha kwako cha nini?"

"Cha kuzibia ufa. Unaziba mapema, chungu kingali kibichi. Kikishakauka, huzibi kitu."

"Kwa hiyo chungu ulichokiwekea kidonge kimekwisha?"

"Kimekwisha wapi! Kile nisichokitaka ndicho nisichokiwekea kidonge..." Akamtazama mkwewe, akacheka puani. "Una maneno, wewe mtoto wa Makwale."

Akanawa mikono. "Kilete hicho cha daktari. Kizima, nikione. Na usinifiche tena kitu kwenye chakula."

"Sirudii, mama. Nisamehe."

Alikigeuzageuza kidonge kwa kidole gumba, akafumba macho, akasali, akameza.

"Ndaga, mwanangu, asante. Uji upo?"

"Upo, mama."

"Haya, lete. Ila onja wewe kwanza."