Kibanio cha Saba

Kosa ni langu. Msilitafutie mwenyewe mwingine, wala shetani msimsingizie. Siku ile alikuwa na shughuli zake kwingine. Nilifanya mie, kwa mikono yangu miwili, saa nne asubuhi, chai nimeshakunywa.

Jina langu sitoi. Wa Tanga mtanijua, na mkinijua nyamazeni. Mie ndiye yule ambaye akinunua fungu la ndizi atalihesabu, atageuka kama anaondoka, kisha atarudi alihesabu tena. Kuna muuza samaki wa Kigombe akiniona kwa mbali anafunika beseni. Mke wangu anasema hata siku ya ndoa yetu nilihesabu mashahidi mara mbili. Walikuwa wawili. Mara zote mbili!

Sifa hiyo ndiyo iliyonipa kazi, na ndiyo iliyoniharibia.

Upande wa Pangani kuna kiwanja kidogo cha ndege, na hapo kuna kikundi cha watu ambao hupanda ndege, wakafika juu, wakafungua mlango, wakaruka nje. Kwa raha zao! Siku ya kwanza niliuliza kama ndege ina ubovu. Nikaambiwa nzima. Nikauliza tena. Nzima vilevile.

Fundi wao wa parachuti nitamwita Fundi Akbar. Ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Ngamiani, kwao walikuwa watu wa duka la vitambaa. Alikuwa anatafuta msaidizi anayejua nguo kwa vidole. Mie nilikuwa nimeuza mitumba miaka mingi. Nikigusa kitambaa nakwambia kama mshono utakaa au utakuaibisha arusini. Akanichukua. Akanifundisha miaka miwili, kwa subira ambayo hata mama yangu hakuwa nayo. Akaahidi kwamba mwaka unaofuata atanipeleka kwenye mtihani, niwe fundi kamili mwenye lakiri yangu, yaani muhuri wangu mwenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Lile begi analovaa mrukaji mgongoni lina parachuti mbili. Kuna kubwa, ya kila siku. Hiyo nilikuwa naikunja mie peke yangu. Halafu kuna ya akiba, imekaa juu karibu na shingo. Hiyo haikunji mtu ila Fundi. Kila miezi sita anaifungua, anaikagua mshono kwa mshono, anaikunja upya, kisha anaifunga kwa uzi mwekundu na kuipiga lakiri ya madini ya risasi. Ikishapigwa lakiri, hakuna anayejua kilichomo ndani mpaka miezi sita ipite. Au mpaka ile kubwa igome huko juu, na mtu avute mpini wa mwisho alio nao duniani.

Wakati wa kuikunja, mikunjo hushikwa na vibanio, kama vile vya kuanikia nguo ila vipana, rangi ya njano. Tulikuwa navyo sita. Sheria ya Fundi ilikuwa moja: kabla ya kufunga, msaidizi anavihesabu vibanio vyote, kwa sauti. Kikikosekana kimoja, kila kitu kinakunjuliwa. Hata kama mgongo unauma. Hata kama imebaki mikunjo miwili!

Alhamisi hiyo begi lilikuwa la Bi Zuhura.

Bi Zuhura ni mwanamke wa Pemba, anafundisha wanaoanza kuruka, na kwa ulimi alio nao chakula chake hakihitaji pilipili. Mie aliniita Bwana Mara Mbili. "Bwana Mara Mbili, leo jua ni moja au mangapi?" Ndivyo alivyonisalimu kila asubuhi.

Fundi alikuwa amepiga magoti kwa saa tatu nzima. Akasema, "Hesabu."

Nikahesabu. Vitano.

Nikahesabu tena. Vitano.

Nikachungulia chini ya meza, nikainua pembe ya mkeka. Hakuna kitu. Nikajua neno linalofuata ni "Kunjua", na saa tatu nyingine za kupiga magoti, na Fundi kuniuliza kama macho yangu niliyanunua mnadani. Nikajiambia kibanio kimeanguka tu, kimeingia mahali, nitakiokota baadaye.

Na mfukoni, wenzangu, nilikuwa na cha saba.

Nilikipata kwenye duka moja mjini, kama nyongeza, baada ya kumchosha muuzaji mpaka akaomba niondoke. Mtu wa soko hatembei bila nyongeza. Njano ileile, upana uleule. Nikakitoa taratibu, nikakiweka pamoja na wenzake.

"Vingapi?"

"Sita, Fundi."

"Hakika?"

"Nimehesabu mara mbili."

Na ilikuwa kweli! Nilivihesabu mara mbili vikawa sita. Sijawahi maishani kusema kweli iliyo na uongo mwingi kama ile.

Fundi akafunga. Akapiga lakiri.

Alasiri nikabaki nafagia. Nikainua mkeka wote. Nikapekua mifuko, nikavua viatu nikavikung'uta, nikamwaga hata chai ya kwenye chupa. Nikafagia upya pale nilipokwisha kufagia. Hakuna kibanio!

Sasa kama hakipo chini, na hakipo juu, na hakipo kwangu, kiko wapi?

Loo! Kimebaki ndani ya ile ya akiba.

Ilitakiwa sentensi moja tu: "Fundi, ifungue." Alikuwa hapo nje, anatia udhu, hatua kumi. Lakini nikaona mtihani wangu unaondoka, na lakiri yangu inaondoka, nikaanza kufanya kile ninachokijua. Nikapatana bei na nafsi yangu. Kwanza nilitaka kusema palepale. Nikajishusha mpaka kesho. Kesho nikaishusha mpaka Jumamosi, maana Ijumaa hakurukwi. Jumamosi nikaishusha mpaka "akiniuliza". Na nani angeniuliza? Mbona kubwa hufunguka kila siku! Bi Zuhura ya akiba hajaivuta tangu nimfahamu!

Sijawahi kupata mteja mwepesi kama mimi mwenyewe.

Ijumaa nilisali safu ya kwanza, kwa kujipendekeza.

Jumamosi asubuhi nikamkuta Bi Zuhura anakaza kamba za viatu.

"Bi Zuhura, leo pumzika. Naona macho yako yamechoka."

"Macho yangu yamekukosea nini?"

"Na huu upepo..."

"Upepo uko wapi? Ile kanga kwenye kamba hata haitikisiki."

"Basi ruka mara moja tu, urudi."

Akacheka mpaka akakaa chini. "Jamani, weye wapunguza mpaka miruko ya watu! Mitatu, Bwana Mara Mbili. Leo mitatu, na haipungui."

Basi nikafanya upuuzi ambao mpaka leo nikiukumbuka nafumba macho. Nikasema kama ya akiba siwezi kuigusa, hii kubwa nitaikunja isiwe na sababu yoyote ya kugoma. Nikazifuata kamba zake moja moja, kutoka begani mpaka kwenye kitambaa. Nikakagua pete zinazoishika kwenye mabega. Nikakagua pini, nikaikagua tena. Nikakilainisha kitambaa kama shavu la mtoto. Bi Zuhura akasimama, mikono kiunoni.

"Leo wakunja kama nguo za bi harusi. Kuna nini?"

Aliniuliza, jamani! Nilisema nitasema akiniuliza, na aliniuliza.

"Hamna kitu," nikasema. "Nenda salama."

Mruko wa kwanza, parachuti ikafunguka kama ua. Wa pili, vilevile. Kila alipotua nilimkimbilia kama mtu anayepokea mgeni kutoka Hija, naye akaanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

Wa tatu.

Nilikuwa nimesimama na Fundi Akbar, amekinga jua kwa kiganja. Parachuti ikatoka, lakini haikutulia. Ikaanza kuzunguka, na yeye chini yake anazunguka, kama mtoto kwenye pembea iliyosokotwa kamba.

"Kamba zimejisokota," Fundi akasema, sauti imetulia kabisa. "Zisipokunjuka ataikata hiyo, atavuta ya akiba."

Mie nikaanza kuihesabu mizunguko.

"Ya akiba haina wasiwasi," akasema. "Si tumeifunga juzi, weye na mie?"

Hapo ndipo nilipokaa chini kwenye majani.

"Fundi," nikasema, "ina kibanio ndani."

Hakunitazama. Macho yake hayakutoka juu, lakini kile kiganja alichokingia jua kilishuka polepole, jua likampiga usoni, wala hakupepesa.

Huko juu Bi Zuhura alikuwa anapiga mateke hewani kama anayeendesha baiskeli kinyumenyume. Mzunguko mmoja ukafunguka. Wa pili. Halafu, alhamdulillahi, kamba zikanyooka, parachuti ikatulia, akaanza kuja.

Alitua anacheka, mtandio umemkaa shingoni. "Leo nusura! Nilishaushika mpini wa kuikatia. Nikasema nampa teke moja la mwisho huyu mwana..." Akaona uso wa Fundi. Cheko likakatika.

"Mwambie," Fundi akaniambia.

Nikamwambia. Yote, mpaka nyongeza ya mfukoni. Ilichukua muda mfupi sana, jamani. Mfupi kuliko kununua fungu la dagaa!

Bi Zuhura akavua begi, akaliweka mezani. Fundi akasema, "Vuta mwenyewe." Akavuta mpini wa akiba. Uzi mwekundu ukakatika, springi ikaruka, Fundi akaanza kukunjua polepole, mkunjo baada ya mkunjo, huku mie naomba, Mungu anisamehe, naomba kisiwemo.

Kilikuwemo. Kimeng'ata mikunjo miwili kama kaa wa mikokoni, wala hakionyeshi dalili ya kuachia.

"Ingefunguka?" Bi Zuhura akauliza.

"Labda," Fundi akajibu. "Labda nusu. Mie sijui. Aliyejua kilichomo hakusema."

Nilitamani wapige kelele. Kelele naziweza, mtu akipandisha sauti mie najua pa kumshusha. Hawakupiga. Fundi akawa anavirudisha vibanio kwenye misumari yake ukutani, na cha saba akanirudishia mkononi.

"Fundi, nisiguse meza mwezi mzima."

Akatundika kibanio.

"Miezi mitatu."

Akatundika kingine.

"Mwaka, Fundi! Nianze upya na ufagio."

"Hapa hapana bei," akasema. "Lakiri ni neno la mtu. Neno lako nimelifungua leo, nimekuta kibanio ndani."

Huo ukawa mwisho wa mtihani wangu. Hakunifukuza. Ingekuwa afadhali! Nipo palepale kiwanjani, nafukuza mbuzi ndege isije ikawakanyaga, na parachuti zikitua nazikung'uta mchanga. Mezani yuko binti wa Kibondei aliyekuwa fundi cherehani Muheza. Anahesabu mara moja tu, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Wiki ya kwanza alisema "Vitano!" bila kupepesa, wakakunjua kila kitu, kikaonekana kwenye pindo la dera lake. Fundi akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

Mie sikuwahi kumiminiwa chai.

Bi Zuhura alikaa majuma mawili hajanisemesha. Siku aliponisemesha alisema hivi: "Kibanio nimekusamehe. Mtu husahau. Hata mie nimewahi kupanda ndege na kandambili. Lakini ulinikunjia mara tatu, nikakuuliza kuna nini, ukanitazama machoni ukaniambia nenda salama. Hilo bado."

Tangu siku hiyo ana mchezo wake. Kila akienda kupanda ndege anapita nilipo, anasimama, mbele za watu wote.

"Bwana Mara Mbili, una neno?"

"Sina, Bi Zuhura."

"Hakika?"

"Hakika."

Wenzake wanacheka. Mie nacheka pia, nifanyeje? Lakini yeye haondoki mpaka anitazame akinai, na kukinai kwake hakuna haraka.

Jumamosi iliyopita alikuja, na kabla hajafungua mdomo nikasema, "Nina neno."

Watu wakageuka.

"Mkanda wa mguu wako wa kushoto umejipinda."

Akainama. Kweli ulikuwa umejipinda, kidogo tu, pale unapopita chini ya paja. Akaunyoosha, akaukaza. Akanitazama, nikangoja ile "hakika" yake. Hakuisema. Alinigonga begani kwa vidole viwili, akaenda kupanda ndege.

Nisidanganye kwamba yamekwisha. Jumamosi hii huenda akaniuliza tena kama kawaida, na haki anayo.

Lakini nyie mnaofungia watu vitu ambavyo hawataviona ndani, nawaomba. Weye unayekaza breki za bajaji ya mwenzio, unayefunga mtungi wa gesi jikoni kwa jirani, unayempimia mgonjwa dawa kwa kijiko. Ukiona pungufu, sema "bado kimoja." Sema hapohapo, magoti yakiwa bado chini. Usipatane bei na nafsi yako, maana utajishinda mapema sana!

Mwenyewe atafoka. Mwache afoke, umsikilize mpaka mwisho. Anayekufokea yuko mzima, na miguu yake iko chini.