Siku Mama Abeli Alipoomba Ruhusa

Kwenye mashine ya kukamua alizeti, pale mjini Sumbawanga, kila mtu alikuwa na udhuru wake. Shedrack aliumwa jino kila baada ya sikukuu, ungedhani ana meno sitini. Pikipiki ya Kasmir ilipata pancha kila Jumatatu, tena mahali palepale.

"Huo msumari kwa nini huuokoti?" bosi wao, Mzee Oswaldi, alimuuliza siku moja.

"Nauokota bosi, ila una ndugu zake."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mama Abeli hakuwa na udhuru. Angeutoa wapi? Mumewe alishafariki. Abeli, mtoto wake wa pekee, alipanda boti Kasanga akaenda Zambia, na simu yake ilipatikana kwa kubahatisha. Mwenzake asipokuja, yeye ndiye aliyeshika zamu. Afadhali kelele za mashine kuliko ukimya wa nyumbani.

Asubuhi moja ya Julai, baridi ile ya Ufipa ikipenya blanketi kama hailioni, alishindwa kuinuka kitandani. Hakuwa akiumwa. Miguu tu ilikataa. Angesema nini? Na "nimechoka" si neno la kumwambia bosi. Akapiga simu.

"Shikamoo, mzee. Nimefiwa. Kaka yangu, kule Wampembe."

"Ooh! Pole, mama. Pole sana!"

Akajifunika, akalala.

Sasa pale kazini mtu akifiwa, mashine huzimwa, wenzake wakabeba kuni na unga wakaenda kukaa naye. Mama Abeli mwenyewe hakukosa hata msiba mmoja. Yeye ndiye aliyetangulia njiani, mzigo wa kuni kichwani. Ajabu ni kwamba haikumjia akilini kuwa kuna siku watamfuata na yeye.

Mchana akasikia sauti uani. Kabla hajafunga khanga vizuri, nyumba imejaa. Wanaume wamewasha moto nje, wanawake wamebandika sufuria kubwa ya ugali. Lucia, binti wa kufunga magunia, akamkumbatia huku analia.

Mama Abeli naye akalia, machozi ya kweli kabisa. Ilikuwa siku nyingi hajashikwa na mtu.

"Mama Abeli," Mzee Oswaldi akamwinamia, "gari limepatikana. Tunakupeleka Wampembe ukawahi mazishi."

Mama Abeli akamtazama. Akawatazama wote, walivyobanana kwenye mkeka wake. Alijua akisema kweli wataondoka, na alitamani wakae, hata mpaka ugali uive tu.

"Hakuna mazishi, mzee. Sina kaka. Nilichoka tu."

"Sasa mama, si ungeniomba hata jino langu moja!" Shedrack alijaribu. Hakuna aliyecheka.

Mzee Oswaldi akavaa kofia yake. "Kesho uje kazini," alisema akiwa amegeukia mlangoni.

Lucia akakumbuka nguo alizoanika. Kasmir akasema kuna abiria anamsubiri. Wengine hawakusema kitu, walitafuta tu viatu vyao. Uani pakabaki moshi.

Jikoni maji yalikuwa yanachemka, na unga wa watu wote ulishamiminwa. Ugali wa namna ile husongwa na wawili, mmoja ashike sufuria. Mama Abeli akaibana sufuria kwa miguu, akashika mwiko kwa mikono miwili, akausonga peke yake.